Chapati haina hamira, mbona imekatazwa Pasaka?

SWALI: Habari za kazi, mpishi. Namtunza bibi wa Kiyahudi hapa New Jersey. Mwaka jana, katikati ya Pasaka yao, nilijipikia chapati: unga wa ngano, maji, chumvi na mafuta kidogo, hamira sikutia kabisa. Binti yake alipoingia jikoni alishika kichwa. Si wanakatazwa chachu tu? Na ugali wangu je? Kikaangio nacho kimeharibika?

JIBU: Pole, dada. Nadhani Biblia yetu ya Kiswahili imechangia. Tumezoea kusoma "mikate isiyotiwa chachu", tukaamini tatizo ni hamira. Sivyo. Kinachokatazwa huitwa hametsi: ngano, shayiri, rai, oti au spelti (aina ya ngano ya kale) iliyokutana na maji ikaachwa ianze kuumuka yenyewe. Waokaji wa matza, mkate wao bapa wa Pasaka usioumuka, huhesabu dakika 18 tangu maji yaguse unga hadi mkate uingie motoni. Sasa fikiria chapati zako. Unakanda, unafunika donge lilale nusu saa ndipo lilainike, halafu ndiyo unaanza kusukuma. Hapo umeshapitiliza kitambo, hata kama hamira haijaingia nyumbani. Magadi soda, kwa upande wake, si hametsi.

Usije ukajaribu kuwahi saa, maana unga wa matza hulindwa usiguse maji hata kabla ya kukandwa, na ule wa dukani haukulindwa. Ila Wayahudi wa Yemen wana matza laini ya kukunjika. Ukiiona utasema ni chapati.

Ugali ni habari nyingine. Mahindi hayamo katika zile nafaka tano. Lakini Waashkenazi, yaani wenye asili ya Ulaya, wana desturi ya kuacha pia mahindi, mchele, maharage na dengu, vinavyoitwa kitniyoti. Ndiyo maana huko Marekani utaona Coca-Cola yenye kifuniko cha njano msimu huo: imetiwa sukari badala ya sharubati ya mahindi. Wasefaradi wengi, yaani wenye asili ya Hispania na Ureno, wanakula wali, baada ya kuuchambua mara tatu punje kwa punje, kama bibi zetu na ungo. Kwa hiyo uliza kwanza familia ni ya upande gani. Hata kwa Waashkenazi kitniyoti haifukuzwi nyumbani kama hametsi, basi omba ruhusa ule ugali wako kwa sufuria na mwiko wako mwenyewe.

Kikaangio sasa. Kanuni yao ni kwamba chombo hutoa ladha ya chakula kwa njia ile ile kilivyoimeza. Sufuria ya kuchemshia husuguliwa, ikakaa saa 24 bila kutumika, kisha ikatumbukizwa katika maji yanayotokota. Kilichogusa unga moja kwa moja juu ya moto hutakiwa moto mkali mno, na teflon haiuwezi. Chungu cha udongo hakina dawa. Kama kikaangio kilikuwa cha seti yao ya Pasaka, bila shaka kimetengwa. Usijaribu kukitakasa kimya kimya, mwachie binti amuulize rabi wake.

Hukuuliza, lakini naongeza: vidonge vya bibi vinaweza kuwa na wanga wa ngano au mahindi ndani. Usimwachishe hata kimoja kwa sababu ya Pasaka. Kuokoa uhai kunatangulia hametsi katika sheria yao wenyewe, na swali hilo rabi hulijibu kwa simu kabla sikukuu haijaingia.