Kukabwa usiku na suala la ushahidi

Dada yangu wa Ujiji, umeeleza kwamba uliamka usiku ukashindwa kujinyanyua, ukahisi umekaliwa kifuani na kumwona marehemu bibi yako mlangoni, na unauliza uwathibitishie vipi nduguzo wanaosema umezua. Hujazua, na hawakutenda haki kukuita mwongo. Lakini kuona jambo na kujua lilisababishwa na nini ni mambo mawili, na ushuhuda wako, hata ukiwa wa kweli kabisa, unafikia lile la kwanza tu.

Hali hiyo, ambayo wengi wetu huiita kukabwa na jinamizi, wataalamu wa usingizi wanaifahamu: wakati wa ndoto misuli hulegea, na akili ikizinduka kabla misuli haijarudiwa na nguvu, mtu hukiona chumba chake halisi kikiwa kimechanganyika na ndoto, hasa akiwa amelala chali au amekosa usingizi siku kadhaa. Nchini Marekani, James Randi, mwanamazingaombwe aliyechunguza madai ya miujiza, aliweka zawadi iliyofikia dola milioni 1 kwa atakayeonyesha uwezo usio wa kawaida chini ya masharti yaliyokubaliwa na pande zote. Hadi iliposimamishwa mwaka 2015, hakuna aliyeipata. Hilo halifuti ulichokiona, ingawa mimi linanifanya niwe mzito kuamini kwamba ni bibi yako aliyekuja.

Likitokea tena, andika papo hapo, kabla hujamsimulia yeyote: saa, ulivyolala, taa ilikuwa imewaka au la. Kama unalala na mdogo wako, mwulize alichosikia kabla hujamweleza chako, maana kumbukumbu zikishasimuliwa pamoja hufanana. Hali ikijirudia mara kwa mara, fika Hospitali ya Maweni umweleze daktari.