Cheti kimeisha muda, mkataba bado upo

Mkuu, umeuliza kama mkataba uliosainiwa kidijitali miaka mitatu iliyopita umekufa, maana programu ya PDF sasa inatoa onyo kwamba cheti cha msainiji kimeisha muda. Haujafa. Ila lilinde faili lenyewe kama lilivyo. Usilihifadhi upya, na usidhani karatasi uliyoprinti imebeba saini, kwa sababu saini inaishi ndani ya faili.

Yalinikuta nikiwa mtunza mikataba kwenye ofisi moja. Mdaiwa aligoma kulipa, wakili wake akashikilia kwamba saini ni batili. Niliogopa kweli.

Ukisaini, programu hukokotoa heshi ya faili, yaani alama fupi inayotokana na yaliyomo ndani yake, siku hizi mara nyingi kwa kanuni ya hesabu iitwayo SHA-256, kisha ufunguo wako wa siri unaitia saini heshi hiyo. Akibadilisha mtu hata nukta moja, heshi hazilingani tena. Hesabu hiyo haina tarehe ya mwisho. Chenye mwisho ni cheti, yaani neno la mamlaka kwamba ufunguo ule ni wako. Kwa hiyo swali la kubishaniwa ni moja: siku ya kusaini, cheti kilikuwa hai? Saa ya kompyuta ya msainiji haitoshi, maana yeyote anaweza kuirudisha nyuma. Kinachojibu ni mhuri wa muda uliotolewa na seva ya mtu wa tatu.

Mkataba wetu ulikuwa nao, mdaiwa akanyamaza. Mikataba ya zamani zaidi haikuwa na mhuri huo, na hiyo ilitutesa: tulichimbua barua pepe moja baada ya nyingine kutafuta ushahidi wa siku ya kusaini.

Kisheria, kanuni ya eIDAS ya Umoja wa Ulaya, ya 2014, hairuhusu saini ikataliwe kwa sababu tu ni ya kielektroniki, lakini ni ile ya daraja la juu kabisa pekee inayolingana moja kwa moja na saini ya mkono. Sheria ya ESIGN ya Marekani, ya 2000, nayo hairuhusu saini ikataliwe kwa sababu tu ni ya kielektroniki, ila wosia imeuacha nje. Angalia sheria inayotawala mkataba wako.

Sasa fungua maelezo ya saini uone muda umetoka wapi. Ukikuta ni saa ya kompyuta tu, kusanya leo barua pepe mlizotumiana siku ile, pamoja na rekodi za seva, kabla hazijafutwa.