Natamani tatuu ya jirani yangu ila najiona siyo wa hayo mambo

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 34, nina duka la steshenari hapa Tanga. Juzijuzi dada mmoja kafungua sehemu ya kucha pembeni yangu, ana kipara kakipaka blichi, kipini puani, mkono una tatuu ya maua kuanzia begani mpaka kiwikoni. Nikimwangalia nasahau hata chenji ya mteja. Natamani nami nichore japo kidogo ila nikijitazama kwenye kioo naona mimi ni wa dera na mtandio, siwezi kukaa vile. Nilishawahi kutoboa sikio tundu la pili likaota kinyama lakini hiyo zamani. Na kwetu Newala hatuna mila za kujichora. Mume nimemuuliza kasema mwili wako, ila kidonda kikiuma usiniamshe usiku. Je nichore au ni wivu tu unanisumbua? Halafu kwenye simu nina picha za watu walionipendeza, nimewapiga kwenye daladala bila wao kujua."

Marahaba mwanangu.

Hiyo ya wivu tuitoe kwanza. Mwenye wivu angeshaanza kumsema kwa wateja, mara huyu katoka wapi, mara hivi ana mume kweli. Wewe unasahau chenji. Umeona kitu kizuri umekipenda, haina ugonjwa hiyo.

Ila hapo kwenye "Newala hatuna mila za kujichora" nimecheka mpaka nimeweka simu chini. Newala hii hii ya Wamakonde? Muulize mzee yeyote wa huko habari za nembo. Bibi zetu walichanjwa usoni, mistari na pembepembe mashavuni na kwenye paji, kidonda kinapakwa unga mweusi wa mkaa ili alama ikipona ibaki nyeusi, na wengi mdomo wa juu ukatobolewa wakavaa ndonya, kile kipande cha mti cha mdomoni. Hata vinyago vya zamani vya ngoma ya mapiko vimechongwa na nembo hizo hizo usoni. Kwa hiyo usisingizie kwenu, kwenu walichora mpaka puani.

Lakini usikimbilie kusema basi shangazi karuhusu, maana bibi hakuchagua. Alichanjwa kwa sababu wasichana wa rika lake wote walichanjwa, na ambaye hana ndiye aliyekodolewa macho. Jirani yako ni kinyume chake, kachagua peke yake na anakodolewa kila siku, muuza maji anamkodolea, wamama wakitoka sokoni wanaguna, mtu asiyemjua anamshika mkono anauliza hivi hii inatoka? Yeye anaendelea kupaka kucha za watu. Sasa jiulize vizuri unachokipenda pale ni lile ua au ni huko kutojali kwake? Njia rahisi ya kujua: fikiria ua lile lile umechorwa mgongoni, chini ya dera, hakuna atakayeliona maisha yako yote zaidi ya baba watoto. Bado unalitaka? Kama unalitaka basi kweli unapenda tatuu. Kama hamu imeisha hapo hapo, na mimi naona itaisha maana barua yako imemsifia kuanzia kipara mpaka kipini, basi unampenda yeye alivyo mzima, na huko kutojali hakuna sindano inayokutia.

Haya, sasa hilo la sikio umelipitisha haraka kama mtu anayeficha deni. Kinyama kinachoota kwenye tundu mara nyingi ni kovu lililozidi, hospitali wanaita keloidi, na sisi wenye ngozi nyeusi tunalipata sana kuliko weupe. Ngozi ikishafanya hivyo mara moja inaweza kurudia popote itakapoumizwa, na tatuu ni sindano inayochoma maelfu ya mara kufikisha wino tabaka la chini la ngozi. Dada wa watu ua lake limelala vizuri, lako linaweza kuinuka likawa kovu lenye umbo la ua. Na usijidanganye kwamba utafuta kwa leza, leza inakwenda kwa awamu nyingi, pesa ndefu, wino mweusi unatii kidogo ila kijani kinasumbua, na kwenye ngozi yetu inaweza kukuachia mabaka. Kwa hiyo jibu langu ni usichore, na siyo kwa sababu ya watu watasemaje, ni kwa sababu ya sikio lako. Ukibisha basi nenda kwanza kwa daktari wa ngozi umwonyeshe hilo sikio. (Na nyie vijana mnaosoma hapa mkiota kwenda jeshini au polisi, someni vizuri matangazo ya ajira, mara nyingi wanaandika kabisa asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Msije mkalia.)

Kama mkono bado unakuwasha kuchorwa, uko Tanga hapo, hina imejaa. Mwambie mchoraji akushushie maua mpaka kiwikoni, utakaa nayo wiki moja mbili inafifia. Ila iwe hina ya kweli, inayotoa rangi ya kahawia au wekundu. Piko nyeusi tii achana nayo, nyingi ni dawa ya kupaka nywele na ile inababua watu, wapo waliotoka na malengelenge ya umbo la ua, na ukishapata mzio wake hata nywele hutapaka tena.

Suala la dini hujaligusa nami siligusi.

Na sitakwambia kwamba na wewe una staili yako ila hujijui, hizo ni pole za watu. Inawezekana kweli hukukaa kwa mambo yale, na ni sawa kabisa. Mimi mwanaume mwenye rasta mpaka kiunoni akipita nageuka, na nyumbani nina mzee wa kaunda suti mwaka wa ngapi huu, na kaunda suti zenyewe nazipiga pasi mimi. Kupenda kutazama hakukulazimishi uvae.

Ila hivi, tangu amefungua umeshawahi hata kumsalimia? Barua nzima hakuna jina lake. Funga duka nusu saa nenda kapakwe kucha, chagua rangi ambayo hujawahi kuvaa, mwambie ua lako limenikaa moyoni. Wanaomwambia vibaya ni wengi, wa kumwambia vizuri labda hajapata. Na rangi ikikushinda si inafutwa jioni hiyo hiyo.

La mwisho, umeandika kwa chini kabisa kwamba kwenye simu una picha za watu waliokupendeza, umewapiga picha kwenye daladala bila wao kujua. Hapo hapana mwanangu. Futa zote leo. Siku nyingine ukimpenda mtu muombe, akikataa shuka kituo chako.