Toki renchi ya injini ya boti: angalia namba ya chini kwanza

Bosi umeuliza toki renchi gani (ile spana ya kukaza nati kwa nguvu iliyopimwa) ya bei nafuu itatosha hiyo Yamaha ya boti yako ya Naivasha, na sevisi unafanya mara chache tu kwa mwaka. Injini yangu pia naihudumia mwenyewe hapa Nairobi, iko kwa stendi nyuma ya nyumba, na kwangu jina la kampuni linakuja mwisho. Soma kwanza namba zilizochorwa kwa mpini, inaanzia wapi na inaishia wapi.

Ukifika Kirinyaga Road, ile barabara ya maduka ya spea hapa Nairobi, useme tu unataka toki renchi, mara nyingi utapewa ile kubwa ya nusu inchi, 28 mpaka 210 nyutoni mita (kipimo cha nguvu ya kukaza). Kwa nati za gari iko poa sana. Lakini plagi za Yamaha nyingi zinataka 25, yaani renchi hata haijaanza, na skrubu ya kumwagia oili ya gia ni kama 9 tu. Alafu hizi za kulia tak ukifika namba uliyoseti huwezi kuziamini sana kwa asilimia 20 ya chini, so hiyo ya 210 inaanza kazi vizuri kwenye 42 hivi. Na hedi, pale plagi inaingia, ni aluminiamu! Thredi ikishaliwa unatafuta fundi wa kuweka helikoili, yaani thredi mpya ya chuma ndani ya shimo, na pesa yote uliyookoa imeenda.

Mimi ningechukua ya inchi 3/8, 5 mpaka 60, hapo 25 inaangukia pazuri kabisa. Ile skrubu ya oili 9 yake bado iko kwa ile asilimia 20 ya chini, so weka gasketi mpya ukaze kwa mkono na bisibisi pana. Kama pesa imebana kabisa tafuta ya mshale, haina springi ya kuchoka, mshale ukirudi sifuri unajua iko sawa, shida ni kuinama mpaka uone skeli.

Ya bei ya chini lazima uipime kabla ya kuiamini na hii unafanya nyumbani. Bana ile skweya, kichwa cha mraba kinachoingia kwa soketi, kwa vaisi, mpini ulale sawa kabisa, alafu chukua mtungi wa maji uliopimwa kwa mizani ukatimia kilo 10, uuning'inize kwa kamba pale mkono unaposhika, tuseme ni sentimita 30 kutoka katikati ya skweya. Hiyo ni karibu nyutoni mita 29, na uzito wa renchi yenyewe unaongeza kidogo. Ukiseti 27 ukiachilia mtungi polepole inafaa ilie, ukiseti 34 inyamaze. Ikilia kwa 34 pia, rudisha dukani siku hiyo hiyo, na ndo maana usiondoke bila risiti.

Kukaza, vuta polepole, ikilia mara moja wachana nayo, usirudie ndo uwe na uhakika juu unaongeza. Usifungulie nati nayo hata kama imekwama vipi, tumia mpini wa kawaida. Thredi ukipaka grisi na kitabu cha injini kimetoa namba ya thredi kavu, utakaza kupita kiasi bila kujua. Ukimaliza irudishe kwa namba yake ya chini kabisa, isipite hapo, ndo uiweke kwa boksi.

Na ukienda kununua beba soketi yako ya plagi, uijaribishe kwa skweya hapo hapo kaunta.