Kupanda Maporomoko ya Sanje, Udzungwa: hesabu ya saa, viatu na magoti

Ukishaliacha daraja la Kidatu, mkoani Morogoro, Tanzania, ukielekea Ifakara, milima ya Udzungwa inakuwa mkono wako wa kulia na miwa inatanda chini yake. Hali ya hewa ikiwa safi, utauona mstari mweupe unaning'inia kwenye kijani. Ndiyo Sanje hiyo, na wengi huharibu safari yao hapohapo kwa kushuka kwenye gari. Njia ya kupanda inaanzia kijiji cha Sanje kweli, lakini kujiandikisha na kulipia ni makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Udzungwa, Mang'ula, mbele zaidi. Anayeshuka Sanje kwanza hulazimika kwenda Mang'ula na kurudi, na saa za asubuhi zinakwisha barabarani.

Kwa hiyo lala Mang'ula. Malipo yamalize jana yake kama inawezekana, kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali. Usitegemee noti mkononi. Mtanzania aje na kitambulisho, maana viwango vya wenyeji na wageni havilingani. Panga na mwongozaji saa ya kuondoka, na panga pia usafiri wa kurudi kutoka Sanje, kwa sababu jioni utakuwa huna miguu ya kutafuta bodaboda.

Hifadhi hii, iliyoanzishwa 1992, ina kilomita za mraba 1,990 na haina barabara za kuzungukia ukitazama wanyama garini. Kila kitu ni kwa miguu. Mzunguko wa Sanje huchukua kama saa nne kwa mtu mwenye pumzi za kawaida. Ukipenda kuoga na kupiga picha, weka sita. Mguu wa kwanza uanze kabla ya saa mbili asubuhi. Chini kule ni bonde la Kilombero, joto lake si la mlimani, na ndani ya msitu upepo haupiti, basi jasho linatiririka bila kukupoza. Ndiyo maana watu wenye afya zao huishiwa nguvu katika saa ya kwanza. Beba lita mbili za maji kila mtu, tatu kama ni Oktoba hadi Februari, na pakiti moja ya ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini) ya kuchanganya kwenye lita moja.

Viatu ndiyo mjadala mkubwa. Katambuga na raba zenye soli iliyolika hazikatazwi, ila zitakutupa. Soli iwe laini kidogo na yenye meno. Kucha za miguu zikatwe jana yake, maana kushuka ndiko kunakoumiza: vidole vinagonga ncha ya kiatu na magoti yanabeba uzito wote. Kabla ya kushuka, funga upya kamba, kaza kwenye kifundo na uache nafasi vidoleni. Fimbo njoo nayo. Miti ya hifadhi haikatwi.

Suruali ndefu iingizwe ndani ya soksi. Inaonekana kichekesho mpaka ukanyage siafu. Na usishike mmea wowote kujizuia kuanguka bila kuutazama, upupu hauna huruma.

Maji ya Sanje yanaanguka mita 170 kwa ngazi tatu. Maana yake ni kwamba bwawa zuri unaloogea juu linaweza kuwa na ukingo unaomwagia kwenye ngazi inayofuata. Kaa upande wa ukuta, mbali na ukingo, na picha ya kusimama kwenye mdomo wa jabali isahau. Mawe yanayorushiwa matone mchana kutwa yana utelezi usioonekana. Kanyaga yenye mikwaruzo na yaliyokauka. Mvua inaweza kunyesha juu huku wewe uko kwenye jua. Maji yakigeuka rangi ya chai, majani yakaanza kuelea mengi, toka mara moja, mkoba utachukuliwa baadaye.

Msimu? Masika maji ni ya kutisha na njia ni tope. Juni, kwa maoni yetu, ndiyo mwezi wenyewe: njia imekauka na mto bado una nguvu.

Usipite kama unakimbizwa. Mangabei wa Sanje, aina ya kima aliyejulikana kwa wanasayansi 1979 tu, hupenda kuokota mbegu chini, hivyo sikiliza majani makavu kabla ya kutazama juu. Mbega wekundu utawapata juu mitini, na karibu na makao makuu huonekana kirahisi. Usiwape chakula, na mwenye mafua akae mbali nao, kwani magonjwa yetu huwapata.

Mwenye magoti mabovu au watoto wadogo ana njia ya Prince Bernhard, fupi na karibu na makao makuu, au Sonjo ya kama saa mbili. Aliyeona Sanje ni nyepesi, kuna njia ya kilele cha Mwanihana: kilomita 38, siku tatu, usiku mara mbili porini, na askari mwenye bunduki kwa ajili ya tembo na nyati. Huko chakula chote unapanda nacho, na mchele uuchambue ukiwa bado Mang'ula.