Usisaini kwa laki mbili

SWALI: Mimi ni fundi cherehani, Mbagala. Daladala niliyopanda iligonga lori, nikavunjika mkono wa kulia. Mwenye daladala ananipa laki mbili nisaini kwamba tumemalizana. Nichukue?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Usisaini. Mkono huo ndio unaoshika mkasi, na hogo bado halijatolewa. Nani ajuaye utarudi kazini lini? Hakikisha una PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Tunza kila risiti, hata ya bajaji ya kwendea kliniki. Nakili namba ya gari: kwa namba hiyo mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini Tanzania, huonyesha kampuni iliyolikatia bima, na madai yapeleke huko kwa maandishi. Wakikaa kimya, sheria inakupa miaka 3 tangu ajali kwenda mahakamani. Lakini wahi, mashahidi huhama.