Maswali yenu: mvinyo na saida (pombe ya tufaha) kaskazini mwa Italia

Meseji zimejaa tena na nusu yake zinauliza kitu kimoja, kwa hiyo nachagua hizi na naomba msome mpaka mwisho kabla ya kuniandikia.

Tuna siku nne, tunataka Barolo, Amarone, Prosecco na saida ya milimani. Tuanzie wapi? (Stuttgart)

Anzeni kwa kufuta vitatu. Jamani hili nalisema kila msimu, Alba kwenye Barolo mpaka Verona kwenye Amarone tu ni kama saa tatu barabarani, halafu Valdobbiadene ya Prosecco bado iko mbele huko, mtaona lami kuliko mizabibu. Chagueni sehemu moja mkae. Mkienda Langhe, vile vilima vya karibu na Alba, vijiji vya Barolo ni 11 na vimebanana, zabibu ni ileile Nebbiolo, lakini mvinyo wa La Morra kwa kawaida ni laini na una harufu inayokuja haraka, wa Serralunga unakausha ulimi na unataka miaka kabla haujatulia. Asubuhi onja huku, jioni onja kule, hapo ndo utajua kwa nini watu wanalipa hela zile. Anayekimbia mikoa minne anarudi na picha za chupa.

Lazima kuweka miadi? (wengi sana)

Lazima. Siku kadhaa kabla, kwa simu au imeili. Hizi sio baa. Kwenye mashamba madogo mtu anayekumiminia mezani ndo huyohuyo alikuwa kwenye trekta asubuhi, ameacha kazi kwa ajili yako. Ukipata dharura piga simu useme, kutotokea kabisa ni dharau na anayekuja nyuma yako ndo anajibiwa vibaya. Na msigonge milango saa saba mchana, wengi wanafunga kuanzia kama saa sita na nusu mpaka saa nane na nusu, watu wanakula.

Nataka kuja wakati wa mavuno nikanyage zabibu kwa miguu. Mwezi gani? (Nairobi)

Kukanyaga sahau dada, labda kwenye sherehe za watalii. Mavuno ni Septemba na Oktoba, Nebbiolo ndo ya mwisho mwisho, na huo ndo wakati mbaya kuliko yote kumdai mwenye shamba saa mbili za maongezi maana usiku analala kidogo na mchana anaangalia mvua. Ningekuwa wewe ningekuja Novemba, niende Valpolicella kule juu ya Verona. Wakati huo zabibu za Amarone zimeshavunwa lakini hazijakamuliwa, zimetandazwa juu ghalani kwenye kreti, safu moja tu ili hewa ipite, madirisha wazi. Omba upandishwe huko. Utaona vikonyo vimegeuka kahawia, ganda limekunjamana, mtu anapita kreti kwa kreti anang'oa punje zenye ukungu kwa vidole. Zinakaa hapo miezi mitatu hivi mpaka zimepoteza theluthi ya uzito au zaidi, ndo zinakamuliwa. Ukishaliona ghala lile hutauliza tena kwa nini Amarone ni ghali na kwa nini inapanda kichwani, na ukikuta chupa ya bei ya kutupa supamaketi utaipita.

Prosecco na Franciacorta si kitu kimoja? (Muscat)

Hapana, ni tofauti. Zote ni mvinyo wa povu, lakini Prosecco nyingi povu lake linatengenezwa kwenye tangi na inanyweka ikiwa changa, Franciacorta inachachuka mara ya pili ndani ya chupa na inakaa na chachu yake angalau miezi 18.

Nitakodi gari, naonja kidogo tu, kuna shida? (Dar)

Ipo. Kikomo ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, leseni yenye chini ya miaka mitatu ni sifuri kabisa, na tangu Desemba 2024 adhabu zimekazwa. Tema. Ndoo ipo mezani kwa ajili hiyo na hakuna mzalishaji atakayeona umemdharau, wao wenyewe wanatema siku nzima. Na gari usiliingize katikati ya miji ya zamani, kamera zinapiga namba na faini inakufuata nyumbani miezi baadaye.

Na saida? Mbona huandiki? (Bolzano)

Naandika sasa, na nafurahi umeuliza wewe uliye hapo hapo. Alto Adige, jimbo lenu hilo, inatoa karibu nusu ya matufaha ya Italia na Val di Non ya jirani nayo ni matufaha bonde zima, lakini saida ni chache kwa sababu wakulima wengi wanapeleka mavuno kwenye ushirika na tunda la kula linalipa. Halafu Golden na Gala, aina za matufaha ya huko, hazina ule ukali wa matufaha ya saida ya Normandy, kwa hiyo usitegemee kinywaji kizito, hii ni nyepesi, kavu, ina uchachu safi. Wanaojitahidi wanachanganya aina na kutafuta miti ya zamani. Usiishie kwenye zile tamu za makopo. Panda treni ya Trento–Malé, inapita katikati ya bonde, shuka Cles, uliza duka la mvinyo nani jirani anakamua mwenyewe, halafu mpigie. Aprili mwishoni maua, Septemba matunda. Asiyekunywa pombe naye aje, juisi ya tufaha ya pale ni safari tosha.

Nirudi na chupa ngapi Dar bila ushuru? (Milano)

Lita mbili za mvinyo kwa mtu mzima, yaani chupa mbili za kawaida. Zaidi ya hapo tamka forodhani ulipe. Zifunge katikati ya nguo, begi linaloingia chini ya ndege, na chukua za yule mkulima mdogo ambaye mvinyo wake hautaukuta dukani Masaki.